Baba Aliyesuka Kombo

“Baba asiyelala hapa ni baba wa nini?” jirani mmoja aliuliza kisimani. Sogeeni basi, ngano imjibu.

Shomari aliachana na mkewe, akahamia ng'ambo ya mto. Lakini kila siku ya gulio alivuka kuja kumsuka bintiye Sikudhani, na kila mara mistari ilikwenda kombo, kijiji kizima kikacheka. Wacheke wachoke! Sikudhani hakukubali kusukwa na mwingine.

Porini nako kulikuwa na zimwi. Mtoto aliyeliita baba, lilimmeza. Likasikia kuna binti asiyekaa na babaye, likalamba midomo: “Huyu atamjulia wapi?” Siku ya gulio likavaa sura ya Shomari, sauti ya Shomari, likashika na chanuo kama la Shomari, likabisha hodi.

“Mwanangu, niite baba.”

“Nisuke kwanza,” Sikudhani akasema, akaketi.

Likasuka mstari wa kwanza, umenyooka. Wa pili, umenyooka. Wa tatu, umenyooka kama mshale. Sikudhani akaipapasa kwa kidole.

“Haya, niite.”

“Nikuite nani? Baba yangu hajanyoosha mstari tangu nizaliwe. Wewe si baba.”

Zimwi likapasuka pu, likawa moshi. Mara Shomari akaingia, miguu imelowa maji ya mto.

“Nani kakusuka vizuri hivi?”

“Zimwi.”

“Geuka, nifumue.”

Nawe unayeishi mbali na mwanao, nakuomba: gulio lijalo, vuka.