Matanga ya Uwanja wa Sultani Dadi

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wanaamini kwamba kila kilemba kina akili chini yake, palikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, mwanamume na mwanamke, na kila mmoja alikuwa na mji wake. Sultani Dadi alikuwa na mji wa Chakamba. Dada yake, Mwana Mize, alikuwa na mji wa Mtondooni, ng'ambo ya kilima, ukitoka alfajiri unafika jua halijawa kali.

Basi ndugu hawa ulikuwa mwaka wa saba hawasemezani. Waligombania kitanda cha mama yao. Udongo wa kaburi haujakauka, wao wako chumbani wanavutana kitanda, mwisho Dadi akaondoka na miguu minne na Mize akaondoka na mbao, na tangu siku hiyo hakuna aliyekilalia. Lakini wakubwa hawasemi wamegombania kitanda. Husema wamegombania heshima.

Ugomvi ule wakautia katika miji yao. Watu wa mashamba walikuwa wakilima wiki nzima, hata Alhamisi mchana wakaoga, wakavaa, wakashuka mjini kutembea mpaka Ijumaa jioni. Wakifika njia panda, kulia ni Chakamba, kushoto ni Mtondooni, na hapo husimama wakabishana.

"Twende Chakamba leo, shoga. Kuna uwanja wa marumaru, unajiona uso chini kama kiooni."

"Uso wangu naujua. Kuna nini kingine?"

"Kuna maji yanaruka juu."

"Yakisharuka?"

"Yanashuka."

"Halafu?"

"Halafu yanaruka tena."

"Nenda ukayatazame, ukirudi utanihadithia. Mie nakwenda Mtondooni."

Na Mtondooni kwenyewe hapakuwa na kitu cha kumwambia mtu. Katikati ya mji moshi wa samaki, paka tele, nyumba zimeinamiana kama wasengenyaji. Lakini kila nyumba ilikuwa na baraza mbele yake, na kila baraza ilikuwa na mtu kakaa, na aliyekaa alisogea ukapata pa kukaa na wewe. Ukinywa kahawa, ukila kashata, ukisikia nani kaachwa na nani karudiwa, Ijumaa imekwisha na wewe hujatoka hapo.

Kule Chakamba, Sultani Dadi alizivunja baraza zote, akasema zinaharibu uwanja wake. Akatundika ubao, umeandikwa: "Yeyote aliyekuja kutembea, asikae, asikaange, asiimbe." Na ubaoni akamweka askari wake mkuu, Ngwali, na bakora. Mgeni akichuchumaa tu, Ngwali keshafika. "Umekuja kufanya nini mjini?" "Nimekuja kutembea, bwana." "Basi tembea!" Watu wakazunguka yale marumaru mpaka miguu ikavimba, wakarudi kwao wakasema, "Tumetembea kweli."

Ikawa katika mji mzima wa Chakamba imebaki baraza moja. Ilikuwa ya Vuai, pembeni mwa uwanja. Vuai alikuwa maskini, nyumba yake ina tobo juu na tobo chini, hana kazi inayojulikana ila ulimi. Ile baraza kaijenga babake, na kila askari wakija kuivunja wanamkuta Vuai kailalia, kajifunika shuka, na mkewe, Bi Mboja, kasimama mlangoni na mchi mkononi. Na hapo barazani ndipo Vuai aliposema lile neno lililofika kwa Sultani: "Uwanja wa Maulana ni kama kaburi la tajiri. Safi, la gharama, na hakuna anayetaka kukaa humo."

Akaitwa. Akaenda na kanzu yake ile ile. Akamkuta Sultani dirishani, anahesabu watu uwanjani siku ya Ijumaa. Walikuwa kumi na mmoja, na mbuzi.

"Vuai, umesema nini juu ya uwanja wangu?"

"Maulana, nimesema ni safi."

"Na ukasema nini tena?"

"Hilo la pili nalo umeshaambiwa, mbona waniuliza?"

Sultani akaghadhibika, akapiga kofi dirisha. "Nimejenga kwa jasho la watu miaka mitatu! Mize hana hata jiwe moja lililonyooka, na watu wote wako kwake! Uwanja wangu umekufa, Vuai! Umekufa!"

"Umekufa kweli, Maulana?"

"Umekufa kabisa!"

Vuai akamgeukia Ngwali. "Umesikia?"

"Nimesikia," akasema Ngwali. "Kasema umekufa."

"Sasa sikiliza," akasema Sultani Dadi. "Kwa kuwa unajua sana kusema, nakupa mpaka Ijumaa ijayo. Ukitoka msikiti, nataka uwanja wangu ujae watu, nisione marumaru hata moja, na kwa Mize pasisalie mtu. Wala usimwite mtu, usimlipe mtu, usimwambie mtu uongo, wala usivunje amri ya ubao wangu. Ukiweza, omba unalotaka. Ukishindwa, nitaibomoa baraza yako, na nyumba nyuma yake, na wewe na mkeo mtafute mji mwingine."

Vuai akarudi nyumbani. Bi Mboja akamsikiliza mpaka mwisho, akaweka mchi chini.

"Mwenzangu, umetupa nyumba kwa mzaha mmoja."

"Mzaha mzuri lakini."

"Utalala ndani yake?"

Basi Vuai akatoka akakaa barazani, kwa kuwa hilo lilikuwa la kweli, na yeye hakuwa na kwengine pa kwenda. Siku nne zikapita, yuko pale pale anakuna kidevu. Siku ya Jumatano asubuhi akainuka, akachukua mkeka, akautandika katikati ya uwanja wa Sultani, akakaa, akashika tama, asiseme na mtu.

Ngwali akaja mbio. "Simama! Umekuja kutembea, tembea!"

"Ngwali ndugu yangu, sikuja kutembea," akasema Vuai kwa sauti ya huzuni. "Nimefiwa. Nakaa matanga."

Ngwali akatazama ubao. Ubao umesema aliyekuja kutembea. Matanga haukuyasema. Bakora ikamshuka mkononi pole pole. "Umefiwa na nani?"

"Na uwanja huu. Maulana mwenyewe kasema umekufa, na wewe ulikuwapo."

Ngwali akafikiri, akaona kweli alikuwapo. Akasema, "Pole."

Akapita mwanamke mwenye ndoo, akamwona mtu kashika tama mkekani, na Ngwali kasimama kimya na bakora chini. Akauliza, "Kulikoni?" Ngwali akasema, "Matanga." Basi. Nani atakuja kuuliza zaidi ya hapo? Ndoo ikawekwa chini, mwanamke akaenda kuchukua mkeka kwao. Kwani watu wetu harusini hungoja kualikwa, wakaangalia na kadi imeandikwaje na wamewekwa wapi. Lakini msibani hawangoji, na asiyekwenda husemwa mpaka naye afe.

Kufika adhuhuri ilikuwa mikeka saba. Kufika Alhamisi ilikuwa haihesabiki. Watu wa mashamba walipofika njia panda wakaambiwa kuna msiba uwanjani kwa Sultani, wakazivua nguo za kutembea, wakajitanda kanga, wakapinda kulia wote. Wakaja na mchele, wakaja na kuni, wakateleka masufuria, na Ngwali akasoma tena ubao, akaona umekataza kukaanga, kuchemsha haukukataza. Wakalia, na kulia si kuimba.

Wakakaa kina mama wawili, mmoja wa Chakamba, mmoja wa mashamba.

"Marehemu namjua?" akauliza yule wa mashamba.

"Umempita mara nyingi."

"Alikuwa mtu wa vipi?"

"Msafi mno."

"Maskini! Kaacha nani?"

"Hakuacha mtu. Hakuwa na mtu."

"Na kafa kwa nini?"

"Kwa bakora."

"Ya Rabi! Ndiye nani huyo?"

"Ni huu uwanja uliokalia."

Yule mama akafuta macho, akatazama marumaru, akatazama sufuria. "Mie nimeshalia, na machozi hayarudi. Sogea vizuri ninyooshe miguu."

Na kila aliyeuliza aliambiwa ukweli, na kila aliyeambiwa ukweli akacheka kwenye kanga, akabaki. Kwani walikwisha kukaa.

Habari ikavuka kilima ikafika Mtondooni, na huko ikafika nusu: "Mwana Mize, kuna msiba kwa kaka yako." Mwana Mize akabadilika rangi. Wanawake wa nyumbani wakamuuliza kama atakwenda.

"Harusi ya mwanawe sikwenda," akasema. "Jando la mjukuu wake sikwenda. Nilimtumia salamu kwamba nina kikohozi. Lakini msibani nitakwenda, sitaki watu waseme mimi ndiye mbaya."

Mwenye mji akiondoka kwenda msibani, nani abaki? Wakaondoka wote siku ya Ijumaa asubuhi, na wauza kahawa wakabeba mabirika yao wakafuata, maana hapakuwa na wa kumuuzia. Mtondooni wakabaki paka.

Sultani Dadi alikuwa kaapa asitazame uwanjani wala asiulize habari zake mpaka Ijumaa. Aliporudi msikitini kwa mlango wake wa nyuma, akapanda dirishani, akatazama chini, asione marumaru hata moja. Akapanda darini, akatazama ng'ambo ya kilima, asione moshi. Akaruka kama mtoto. "Nimemshinda Mize! Nimemshinda!" Akavaa joho, akafunga jambia, akashuka uwanjani na kicheko kimemjaa mdomoni.

Watu wote wakasimama. Wa kwanza akampa mkono. "Pole, Maulana."

"Pole ya nini?"

"Ya msiba, Maulana."

Wa pili akampa mkono. "Ni njia yetu sote, Maulana." Wa tatu akambusu bega. Kicheko kikamkauka Sultani. Akageuka huku na huku anatafuta ni nani kafa kwake naye hajaambiwa, na mbele yake akamkuta dada yake, kajitanda nguo nyeusi, macho mekundu.

"Kaka yangu," akasema Mwana Mize, "nani katutoka?"

"Sijui, Mize. Nilidhani wewe wajua."

Wote wawili wakamtazama Vuai, aliyekuwa mkekani hajaondoka tangu Jumatano.

"Uwanja," akasema Vuai. "Maulana ndiye aliyenipa habari."

"Umenifanyia mzaha!" akapiga kelele Sultani. "Kamata huyu!"

"Maulana, nani niliyemwita?" akauliza Vuai. "Waulize. Nani niliyemlipa? Nani niliyemwambia uongo? Ubao wako nani kauvunja? Hapa hakuna hata mmoja aliyekuja kutembea. Na neno la kufa si langu. Ngwali!"

"Alisema umekufa kabisa," akasema Ngwali, kwa kuwa hakujua kusema vingine.

Mwana Mize alikuwa bado kafinya midomo. Halafu mabega yakaanza kumtikisika. "Dadi! Umefiwa na sakafu! Nami nimekuja nalia njia nzima!" Akacheka mpaka akamshika Bi Mboja, aliyekuwa pembeni yake, asianguke, na watu waliokuwa wamejizuia siku tatu wakaachia.

Sultani akataka kurudi ndani. Lakini safu ya watu wa kumpa mkono ilikuwa imefika nje ya mji, na mfiwa hamwachi mtu kamnyooshea mkono hewani. Akasimama. Pole, Maulana. Pole, Maulana. Mkono ukamfa ganzi, jambia likamchoma ubavu, jua likapanda juu ya marumaru yake, yakamwaka chini ya viatu, na kila alipotafuta pa kukaa hakuona, kwa kuwa mwenyewe alipavunja. Hata alasiri miguu ikamkataa, akaketi puu juu ya mkeka wa Vuai.

Ngwali alikuwa upande wa pili. Akaona joho linashuka chini, na mkono wake ukafanya kama ulivyozoea. Bakora ikagonga marumaru, kwa!

"Simama! Umekuja kutembea?"

Ngwali akamwona aliyemwambia, akageuka jivu.

Sultani Dadi akanyoosha miguu mkekani. "Ngwali," akasema, kachoka, "mimi nimefiwa. Niache nikae."

Basi hapo vicheko vikapanda hata maji yaliyokuwa yakiruka hayakusikika tena, na Sultani mwenyewe akainama, akacheka ndani ya joho lake, mpaka kilemba kikaanguka akakiacha.

Akasema, "Vuai, umeweza. Omba."

Bi Mboja akamnong'oneza mumewe, "Omba paa. Omba na ng'ombe."

"Maulana," akasema Vuai, "naomba matanga haya yasianuliwe."

Bi Mboja akamfinya.

"Yasianuliwe mpaka lini?" akauliza Sultani. "Huoni uwanja umejaa watu? Si umekwisha fufuka? Matanga ya nini tena?"

"Umefufuka kwa sababu tumeukalia matanga, Maulana. Ukiyaanua, watu watasimama, watazunguka, watakwenda zao, na uwanja utakufa tena. Na ukifa, itatubidi turudi tukae matanga."

Sultani akalizungusha neno lile kichwani, akalitafutia mlango, asiuone. Akampungia Ngwali mkono aivunje bakora. Ubao ukaachwa pale pale na maandishi yake, na mpaka leo Ijumaa ukipita Chakamba ukamuuliza mtu aliyejinyoosha mkekani amekuja kufanya nini, atakwambia amekuja kuhani msiba. Na baraza ya Vuai haikuguswa tena, ila paa lake Bi Mboja alilipata, kwani alikwenda kuliomba mwenyewe.

Siku ile watu walipokwisha kucheka, Sultani Dadi akasema, "Koo limenikauka. Hakuna kahawa katika mji wangu?"

Hapakuwa na mwuza kahawa Chakamba tangu baraza zilipovunjwa. Mwana Mize akamwita mtu wake mwenye birika, akajaza kikombe, akampa kaka yake kwa mikono miwili, na wote wanasikia.

"Kunywa, Dadi. Ya Mtondooni hiyo."

Akainywa. Na atakayekwambia hakuomba ya pili, mwongo.