Joto la Mashine ya Mwalimu Naelijwa

Sogeeni karibu, na mwenye chai aje na kikombe chake. Leo sisimulii ili mlale. Nasimulia ili mgombane kidogo, ugomvi wa watu wanaopendana.

Mjini Same waliishi wanawake watatu. Wa kwanza, Nakiete, alikuwa muoka mikate, na mkono wake ulijua joto. Alikuwa akiusogeza mgongo wa kiganja mdomoni mwa tanuri, akakwambia mkate uingie sasa au usubiri. Wa pili, Tumsifu, aliandika programu za kompyuta. Alijua kusema na kiini cha mfumo, ile sehemu ya ndani kabisa inayoviamrisha vyuma vya mashine. Wa tatu, Hoyce, alipima watoto kliniki, naye alisoma namba bila kuzionea haya. Mshale wa mizani usipotulia, mtoto alie, mama yake anune, Hoyce haandiki kitu.

Wote watatu walimpenda Eliaichi. Nakiete alikuwa mama yake mdogo, Tumsifu shoga yake tangu utotoni, na Hoyce wifi yake.

Eliaichi alikuwa amekuja kwao kujifungua uzazi wa kwanza, akapata binti. Lakini mama yake, Mwalimu Naelijwa, alikuwa amefariki miezi miwili kabla. Aliacha kompyuta kuukuu, na ndani yake sauti aliyoirekodi akiwa mgonjwa, maneno ya saa nzima kwa mjukuu asiyemwona. Eliaichi alitaka kitu kimoja tu: aisikie sauti hiyo pamoja na mtoto kabla arobaini ya uzazi haijatimia, wakarudi kwa mumewe. Alikuwa ameanza kusahau mama yake alivyokuwa akicheka, na hilo lilimtia hofu kuliko chochote.

Sasa mashine yenyewe. Ukiiwasha, inakaa dakika kumi, inazimika. Fundi akabadilisha kifaa cha umeme, ikazimika. Akaitoa diski, haikusomeka, maana Mwalimu alikuwa ameifunga kwa ufunguo unaokaa ndani ya mashine ile ile. Fundi akafuta mikono. "Dada, hii diski imechoka. Ikikatikiwa umeme mara tatu nne hivi tena, andika maumivu."

Eliaichi akamfunika mtoto kwa kanga, akalia kimya kimya.

Nakiete ndiye aliyefika na mkate wa mzazi, akakuta kilio. Hakuuliza mengi. Alisema, "Iwasheni kidogo." Akasogeza mgongo wa kiganja penye matundu ya ubavuni, kama afanyavyo kwa tanuri, akahesabu hadi nne na kuuondoa.

"Umeme hauna kosa, mwanangu. Huyu anaungua. Mmemwekea mgonjwa wa homa dawa ya tumbo."

Wakaizima upesi. Wakafungua kifuniko, wakakuta feni ya ndani inazunguka kwa kusuasua, na ya kubadilisha haikupatikana Same wala Moshi. Lakini sasa ugonjwa ulikuwa na jina. Bila mkono ule, wangeendelea kubadilisha nyaya hadi diski ife.

Tumsifu naye akaja na kompyuta yake mgongoni. Aliwaeleza kwamba ndani ya prosesa, ubongo wa mashine, mna kipimajoto kidogo, na kwamba draiva, kiprogramu kinachokaa kwenye kiini cha mfumo, ndiyo humsomea mtu namba zake. Wakaanza kunakili sauti kwenye flashi, polepole sana, maana diski ilikuwa imechoka. Skrini ikasema nyuzi themanini. Kijitabu cha mashine kilisema huzimika ikifika mia. Wote wakapumua: bado ishirini! Nakiete akaenda kumimina chai. Kabla sukari haijakorogwa, mashine ikazimika.

Diski ilikuwa imepoteza mara moja kati ya zile alizotaja fundi.

Tumsifu alikaa siku mbili akiisoma ile draiva mstari kwa mstari, kisha akapiga paji la uso. "Jamani, kipimajoto hakisemi joto! Kinasema zimebaki nyuzi ngapi kufika mwisho. Draiva ndiyo inayokisia mwisho ni upi, halafu inatoa zile zilizobaki. Imekisia themanini na tano, na mwisho wa mashine hii ni mia. Tuliposoma themanini, hazikubaki ishirini. Zilibaki tano."

Eliaichi akasema taratibu, "Kama mama. Hakuwahi kusema anaumwa kiasi gani."

Tumsifu akamshika bega. Akaiandika upya draiva, isikisie tena, ionyeshe zile zilizobaki tu. Bila yeye, wangeamini uongo mpaka mwisho.

Ikabaki kazi ya kukaa, na hiyo ilimwangukia Hoyce. Alivuta kigoda, akaweka sheria: zikibaki kumi, kunakili kunasimama, mashine inapoa, wanaendelea walipoishia. Akawa anataja namba kwa sauti ileile ya kliniki. Thelathini. Ishirini na mbili. Kumi na nne. Kumi, simama. Alifanya hivyo asubuhi nzima, na kesho yake tena, mtoto kamlalia mapajani.

Siku ya tatu kilibaki kipande cha mwisho, dakika mbili tu. "Kumi," Hoyce akasema, akasimamisha.

"Wifi, malizia!" Eliaichi alipiga kelele. "Dakika mbili tu! Nakuomba!"

"Hapana, wifi yangu." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, lakini kidole hakikurudi kwenye kitufe. Namba ikaendelea kushuka yenyewe: tisa, saba, sita. Ikasita. Ikaanza kupanda. Wangeendelea, ingezimika palepale, na huenda diski ile isingeamka tena.

Mchana ule sauti ilikamilika. Wakakaa mkekani, wakaifungulia.

Mwalimu Naelijwa alikohoa kwanza. Halafu akacheka, kicheko chake kilekile, na Eliaichi akaficha uso kwenye nguo za mtoto. Aliongea saa nzima. Mwishoni akasema: "Mjukuu wangu, usipewe jina langu. Mimi nimekwenda, na wewe unahitaji somo aliye hai, wa kukufuta kamasi. Mashine hii ni kaidi kama mimi. Atakayeifanya iseme, uitwe jina lake. Moja tu, tafadhali. Majina marefu huwatesa watoto kwenye mtihani."

Hakuna aliyejidai. Nakiete alisema, "Aitwe Tumsifu. Mimi nilijua inaungua, sikujua itaungua lini." Tumsifu akasema, "Aitwe Hoyce. Namba yangu isingeisimamisha mashine yenyewe." Naye Hoyce akasema, "Aitwe Nakiete. Bila mkono ule, tusingekaa hata kwenye kigoda."

Arobaini imetimia. Mabegi yako mlangoni, na kwenye fomu ya cheti cha kuzaliwa nafasi ya jina bado ni nyeupe. Eliaichi, akimnyonyesha, anamwita "mama" tu, na mtoto anageuka.

Msiniambie apewe yote matatu, bibi amekwisha kataza. Kalamu hii hapa. Je, wewe ungeandika jina la nani?