Mto wa Siwema

Asiyefunga fundo hushona upepo. Mmenisikia nikimwambia mama yenu, mkaniganda: "Bibi, nani huyo alishona upepo?" Haya, kaeni. Nitegulieni kwanza: ng'ombe wangu mwembamba, kila apitapo huacha mkia. Sindano! Mmepata, na methali yetu ilipitia kwenye tundu lake.

Palikuwa na binti, Siwema. Dada yake, Mwanahawa, alikuwa anaolewa mji wa pili. Kwa desturi ya kwao, mdogo wa bibi harusi hushona mto wa usufi kwa mkono wake na kuubeba kichwani hadi kwa bwana harusi. Mto ukifika mzima, mdogo huyo huingia ndani na dada yake, wakakaa pamoja fungate yote. Ukiharibika, huingia binti mwingine wa ukoo. Na Siwema hakuwahi kulala mbali na Mwanahawa.

Lakini sindano hakuijua. Asubuhi ya harusi shangazi yake, Mwanamkuu, alimkalisha mkekani akamwonyesha kutunga uzi.

"Funga fundo mwishoni mwa uzi, ndipo uchome. Ukimaliza, funga tena."

Siwema alikuwa kama mwenye siafu miguuni. Achome mara mbili, ainuke kuchungulia: wapiga ngoma wamekuja? Ajichome kidole, akinyonye, akae, ainuke tena. Fundo lilimponyoka, akaliacha. Ngoma ikalia barabarani. Akaukata uzi kwa meno, mbio!

"Umefunga?" shangazi akauliza.

"Tayari, shangazi!" Alikuwa keshafika mlangoni.

Mshono ulikuwa mzuri, jamani, kama sisimizi njiani. Lakini mto ukiwa kichwani, na mwenye kichwa anacheza, uzi ukaanza kurudi ulikotoka. Usufi ukaruka kidogo, kisha ukaruka mwingi. Mwanamke aliyefungua kinywa apige vigelegele akakohoa usufi.

Mlangoni, bibi mzee, nyanya yake bwana harusi, aliupokea mto. Ulikuwa mwembamba kama chapati. Akavuta uzi kwa vidole viwili. Ukatoka wote, hauna fundo mbele wala nyuma.

"Mwanangu, ulishona mto au ulishona upepo?"

Watu wakaangua kicheko. Siwema alikuwa akimtazama binamu yake Chausiku, aliyekwisha kuvua viatu.

"Bibi, nipe sindano, nitaushona sasa hivi!"

"Bibi harusi hasimamishwi mlangoni, mama."

Mwanahawa, chini ya ushungi, hakuruhusiwa kusema. Alinyoosha mkono tu, akaubana wa mdogo wake. Kisha wakamwingiza, Chausiku nyuma yake, mlango ukafungwa.

Siwema akaketi kizingitini, akichambua usufi nyweleni. Shangazi akampa sindano na uzi. Akautunga, akafunga fundo, akalivuta kuona kama litashika, akafunga la pili juu yake. Ndani walicheka, wakaimba, hakuinuka kuchungulia.

Maneno ya yule bibi yakatoka na watu wa harusi, yakaenda mji hadi mji, mpaka yakafika jikoni kwangu. Basi mkianza jambo huku miguu iko mlangoni, msinune nikiwaambia: asiyefunga fundo hushona upepo.