Sufuria za Kilimani

Paukwa!
Pakawa!
Walio mbali?
Wasogee.
Wenye usingizi?
Wanawe uso.

Hapo kale palikuwa na kijiji cha Ukingoni, mtoni kabisa, penye udongo mzuri wa mpunga. Kila masika mto ulifurika. Ulibeba kuku, ulibeba mikeka, ulibeba mbegu. Watu walilia, wakaapa kujenga ghala kilimani, na maji yalipokauka wakasahau. Msicheke, na nyinyi mapaa yenu yanavuja.

Mwaka mmoja ikabaki mbegu kikapu kimoja tu, kijiji kizima, nyumbani kwa Bi Kuruthumu, mjane mwenye ulimi mkali. Vijiji jirani vilishachoka kuwakopesha. Kikizama kikapu kile, Ukingoni imekwisha. Bi Kuruthumu akamwendea Jumbe Mtulia, mkuu wa kijiji, akamwomba ghala lijengwe kilimani kabla ya mvua.

"Yaliyopita si ndwele," Jumbe akasema, akarudi kulala. Nusu ya pili ya methali hakuimaliza.

Bi Kuruthumu hakugombana. Alitangaza karamu ya harusi ya mjukuu wake, huko huko kilimani. Ngoma ikilia, kila mtu abebe mzigo wake na mtu asiyejiweza, apande mbio. Wa mwisho ataosha sufuria zote.

Mara ya kwanza walipanda wakigongana, vyungu vikavunjika. Lakini walinogewa, wakadai karamu nyingine. Mara ya pili kila mmoja alijua ambebe nani. Mara ya tatu, hata ngoma haijanyamaza, kijiji kizima kiko juu.

Masika yakaja. Alfajiri mto ukanguruma, na Bi Kuruthumu akaipiga ngoma. Hakuna aliyeuliza kuna nini, miguu ilishaijua njia. Kuku juu, watoto juu, wazee juu. Na Bi Kuruthumu je? Yuko chini bado, anapiga, maji magotini, kikapu kichwani.

Jumbe alipomkosa alishuka tena. Akafika kileleni wa mwisho kabisa, anahema, Bi Kuruthumu mgongoni, kikapu kikavu. Watu walilia kwa furaha.

Jumbe akasema polepole, "Mama, kumbe zile karamu ulikuwa unatufundisha kukimbia maji."

"Tugange yajayo, mwanangu," akajibu. "Na wa mwisho ni wewe. Sufuria zile pale."

Akaziosha. Tangu hapo ghala la Ukingoni liko kilimani, na ngoma hulia kila mwaka kabla ya masika, hata mto ukiwa mkavu.

Ngano yangu imefika kileleni. Ikiwa tamu, bebeni mwende nayo. Ikiwa chungu, niachieni niisugue.