Kiapo cha Kwasiba

Palikuwa na tajiri mmoja huko visiwa vya Karibi, Bwana Penroki, mwenye shamba la miwa na watumwa mia mbili. Alikuwa na huruma kupita kiasi. Mtumwa akizimia juani, alimwacha apumzike pale pale mpaka azinduke, ndipo achapwe.

Huruma hiyo ndiyo iliyomtuma asogeze jiwe la mpaka, akameza kijito cha jirani. Jirani akashtaki. Hakimu akataka shahidi wa siku nyingi, na wazee wote wa shamba walikwisha kufa kwa kutunzwa vizuri. Alibaki Kwasiba, mkata miwa, bibi wa miaka sitini.

Bwana akamwita barazani.

"Utaapa kwamba lile jiwe halijaguswa tangu enzi za baba yangu."

"Mimi, Bwana? Si husema sisi hatuna akili?"

"Leo unazo."

"Ahsante, Bwana. Lakini sheria haipokei kiapo cha mtumwa."

Bwana akakuna kidevu. Sheria ile aliipigania yeye mwenyewe.

"Basi nitakuandikia cheti cha uhuru. Kesi ikiisha, nakichana. Na ukikosea neno moja, nakuuza kwenye machimbo ya chumvi."

Kwasiba akainamisha kichwa.

Mahakamani, Bwana akakitoa cheti kwa madaha. Kwasiba akamgeukia hakimu.

"Mheshimiwa, mimi sijui kusoma. Naomba kisomwe, kitiwe muhuri, nisije nikaapa na huku bado ni mtumwa."

Hakimu akaona ni haki. Akakisoma kwa sauti, akagonga muhuri, akampa mkononi.

"Na aliyeniandikia aweza kukitangua?"

"Sasa hakuna awezaye."

Kwasiba akakikunja polepole, akakitia kifuani. Akaapa.

"Haya, bibi," hakimu akauliza, "jiwe lile limewahi kuguswa?"

"Limeguswa, Mheshimiwa. Nililibeba mimi kichwani, mwaka jana, Bwana akiwa mbele juu ya farasi, akinionyesha pa kulitua."

Watu wakaangua kicheko. Bwana Penroki akasimama, uso umemwiva.

"Kwasiba, nimekupa uhuru ili useme ninayotaka mimi."

"Ya kwako ningeyasema nikiwa mtumwa, Bwana Penroki. Uhuru ulinipa wa nini?"