Kiti cha Nyuma cha Mama Koome

Mwanamke akishajifungua salama asiharakishe kumkejeli mkunga aliyempokea, kwa maana hajui kama tumbo lake limefunga au bado kuna mwingine njiani. Hiyo ndiyo maana ya methali isemayo kwamba usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wengi huitamka wakidhani inawahusu wanawake peke yao. La hasha! Ilimpata mwanamume mwenye mvi kidevuni, tena mtu wa kuheshimiwa, hapa hapa Kiirua.

Mwanamume huyo aliitwa Mwiti. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa sindano, na watu wa Buuri yote walimwita Daktari. Alizunguka kwa pikipiki nyekundu iliyochakaa kwa umri lakini ikakataa kufa. Nyuma yake, kwenye kiti kirefu, alikaa mkewe Kathambi amepakata mtungi wa mbegu za fahali, ule ambao ukifunguliwa hutoa moshi wa baridi. Barabara ya kupanda Kibirichia ina mashimo, na mtungi ule haupendi kutikiswa. Mwiti alijaribu kuufunga kwa kamba mara moja tu, akaharibu mbegu za wiki nzima. Tangu siku hiyo ulipakatwa kama mtoto mchanga.

Wala haikuwa kazi ya mtungi tu. Mwiti alijaliwa mikono minene kama michi. Ng'ombe akikwama kuzaa, hasa mtamba wa uzao wa kwanza, mkono wake haukupita. Hapo Kathambi alivua saa, akajipaka sabuni hadi begani, akaingiza mkono wake mwembamba na kumgeuza ndama polepole huku akimbembeleza mama yake kwa Kimeru. Ndama akitoka, watu walisema, "Asante, Daktari," nao walimtazama Mwiti. Kathambi hakuudhika. Aliosha mkono, akavaa saa yake, akapanda nyuma.

Mwiti alipostaafu, miezi miwili haikuisha kabla hajaanza kuzunguka boma kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Kutwa alikuwa na simu puani.

"Baba Koome, unatafuta nini humo tangu asubuhi?" Kathambi alimuuliza.

"Kafe resa."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni pikipiki za vijana wa Uingereza wa zamani. Walikuwa wakishindana mbio kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine."

"Kwani walikuwa na njaa?"

"Mama Koome, haya ni mambo ambayo huwezi kuyaelewa." Akamwonyesha picha. Pikipiki ilikuwa imeinama mbele kama fahali anayetaka kupiga pembe. "Mtu anaweza kujitengenezea nyumbani, tena kwa vitu vya kuokota. Si lazima uwe tajiri."

Kathambi alidhani ni habari ya rangi. Alijua wanaume wakistaafu hupaka vitu rangi.

Jumanne moja alikuwa shambani akipalilia viazi aliposikia chuma kikilia upande wa nyumbani, mlio wa kukereza meno. Aliweka jembe chini akaenda kuona. Alipofika uani alisimama ghafla kama mtu aliyemwagiwa maji ya barafu kisogoni.

Pikipiki ilikuwa imevuliwa nguo. Usukani ulikuwa umegeuzwa juu chini, vishikio vikitazama ardhi. Madigadi zote mbili, vile vibati vya kuzuia tope, zilikuwa zimetupwa kando ya zizi. Taa ya mbele ilikuwa ya trekta kuukuu. Tangi lilikuwa limepakwa rangi ya kijani iliyobaki paa la kanisa lilipopakwa. Mahali pa kiti palikuwa na kipande cha godoro kilichoshonewa ngozi ya bandia, cha kutosha makalio ya mtu mmoja, na nyuma ya kipande hicho palikuwa na nundu iliyokunjwa na kugongwagongwa kutoka kwenye karai. Kathambi alilitambua karai. Lilikuwa lake la kufulia.

Lakini kilichomkata maini kilikuwa kwenye nyasi. Mkia wa fremu ulilala pale, umekatwa kama mkia wa mjusi, kiti kirefu kikiwa bado juu yake. Nusu ya nyuma ya kile kiti ilikuwa imebonyea kwa uzito wake yeye wa miaka ishirini na sita.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

Fundi Ndambiri, Muembu aliyepanga chumba Majengo mjini Meru na kuletwa Kiirua kwa ajili ya kazi hiyo, alizima grainda yake ya kukatia chuma. "Ni kiti, mama." Alipouona uso wake akaongeza, "Kilikuwa kiti."

"Simuulizi fundi. Namuuliza mwenye pikipiki."

Mwiti alijipangusa vumbi la chuma. "Kafe resa ni ya mtu mmoja. Ukiweka wa pili, hiyo ni bodaboda."

"Na mimi?"

"Wewe unakwenda wapi tena? Kazi ya mtungi imekwisha. Miaka yote hiyo nimekuwa na mzigo mgongoni. Sasa wacha mgongo wangu nao upigwe upepo!"

Ndambiri alicheka. Kisha akaona anacheka peke yake, akajishughulisha na waya.

Mzigo! Kathambi alirudi shambani akapalilia hadi mistari ikaisha, akaanza kupalilia mahali alipokwisha kupalilia. Kiti si kitu, alijiambia. Lakini kama yeye alikuwa mzigo tu, basi zile safari zote, mvua zote, ndama wote wale aliowatoa gizani kwa mkono wake, vilikuwa vya nani?

Habari zilifika sokoni kabla ya jua kutua. "Ati Daktari amemkata mke kwa grainda?" mwanamke mmoja aliuliza akishika kichwa.

"Si mke, ni kiti cha mke."

"Yesu wangu! Kuna tofauti gani?"

Mwiti naye hakujali. Alipita katikati ya soko amelalia tangi kama mtu anayetafuta sindano barabarani, bomba la moshi lililokatwa likinguruma, mbuzi wakivunja kamba. Aliposhuka ilimchukua muda kunyoosha kiuno. Akiulizwa kama mgongo unauma, alisema ni baridi.

Wiki ya tatu ya mvua za masika simu ililia. Alikuwa Jedidah, mjane wa Kibirichia, na sauti yake ilisikika hadi jikoni.

"Daktari! Mtamba wangu amekwama tangu alfajiri. Mguu mmoja umetoka, kichwa hakionekani. Daktari wa serikali yuko kwenye semina Embu. Njoo na Mama Koome, nakusihi!"

Kathambi alijua mtamba huyo. Ugonjwa ulikuwa umefagia zizi la Jedidah mwaka uliotangulia, wakabaki mjane na mtamba mmoja. Akifa huyo, zizi lingekuwa kuni.

"Naenda mwenyewe," Mwiti alisema akivaa helmeti.

"Ni uzao wa kwanza, Baba Koome. Mkono wako hauwezi kupita."

"Mimi nilisomea kazi hii. Wewe cheti chako kiko wapi? Kushika mtungi si udaktari."

Akawasha, akaondoka. Maneno yale yalimchoma Kathambi kuliko yale ya kwanza, lakini hakuwa na nafasi ya kuyalilia. Alichukua kipande cha sabuni, kamba laini na chupa ya mafuta ya kupikia, akakimbilia kwenye kituo cha bodaboda. Kituo kilikuwa kitupu. Muuza ndizi alimwambia vijana wote wamekwenda kumzika mwenzao na hawangerudi hadi jioni. Basi akaanza kupanda kwa miguu, mwendo ambao kwa mtu mzima ni saa mbili, tope likimvua viatu.

Alikuwa ametembea karibu nusu saa aliposikia ngurumo ikiteremka. Pikipiki ilitokea kwenye kona ikiyumbayumba. Mwiti alikuwa ametapakaa tope kuanzia visigino hadi kisogoni, kwa sababu gurudumu lisilo na madigadi lilikuwa limemlima mgongo wote. Alivua helmeti. Macho yalikuwa mekundu.

"Mkono haupiti," alisema kwa sauti ndogo. "Kichwa kimepindia nyuma. Lakini ndama yu hai, nimegusa mguu akauvuta. Panda, twende!"

"Nipande wapi?"

Mwiti akageuka kutazama nyuma yake. Hapo ndipo macho yalipomtoka pima. Alikuwa ameteremka mlima mzima akimjia mke wake, na njiani kote hakukumbuka kwamba hana mahali pa kumweka. Aliitazama nundu ya karai kana kwamba ni mtu mwingine aliyeigongelea pale.

"Jaribu... jaribu kukaa hapo juu."

Kathambi aliikalia. Karai lililia, likabonyea, naye akateleza chini, upindo wa leso yake ukalambwa na gurudumu.

"Inuka! Leso itakuvuta!" Mwiti alipiga kelele, kisha akashika kichwa. "Mungu wangu, nimefanya nini? Atakufa yule. Atakufa na mimi nikiwa hapa."

Kathambi alikusanya leso, akaikaza kiunoni. "Shuka."

"Nini?"

"Kiti ni kimoja, na mkono unaohitajika kule ni mmoja. Shuka, Baba Koome."

Mwiti hakuwa amesahau kwamba mwaka aliovunjika mfupa wa bega, Kathambi ndiye aliyeiendesha pikipiki hii majuma matano, yeye akiwa nyuma na mtungi, akilalamika kila shimo. Alikuwa hajawahi kumsimulia mtu tu. Alishuka. Kathambi akavaa helmeti yake yenye tope, akainama kuvifikia vishikio.

"Ni nani aliyefikiria kitu hiki?" aliguna. "Hata punda ana adabu zaidi."

Akaingiza gia. Gurudumu la nyuma likachimba, likarusha tope, nalo likampata Daktari katikati ya uso.

Jedidah alikuwa amepiga magoti zizini akimshika mtamba kichwa. Alipoona aliyeshuka, alipaza sauti. "Mama Koome! Ni wewe unaendesha? Daktari yuko wapi?"

"Anakuja. Leta maji ya moto."

Kathambi alivua saa akaifunga kwenye upindo wa leso. Sabuni, kisha mafuta, hadi begani. Mtamba alikuwa amechoka, macho yameanza kuzama. "Pole, mama, pole," alimwambia kwa Kimeru, mkono ukiingia. Akakuta goti. Akakuta shingo. Shingo ilikwenda ubavuni na kupotelea huko. Alisukuma ndama arudi nyuma, akasubiri mkazo upite, akasukuma tena. Mkono ulibanwa hadi vidole vikafa ganzi. Jedidah alikuwa akiomba kwa sauti.

"Omba polepole, anashtuka," Kathambi alimwambia.

Akagusa taya. Akaviringisha vidole nyuma yake, akavuta kidogo, akangoja, akavuta tena. Kichwa kikageuka kama mlango mzito. Akautafuta mguu wa pili, akaunyoosha, akaifunga miguu yote miwili kamba.

"Sasa, Jedidah. Akisukuma, tuvute. Asiposukuma, tungoje."

Walivuta. Walingoja. Walivuta. Ndama akatoka kwa mara moja, akaanguka juu ya majani, akatulia kimya. Jedidah alitoa ukelele. Kathambi alimpangusa puani, akachukua bua la nyasi akalichomeka kwenye tundu la pua na kulizungusha. Kimya. Akamsugua mbavu kwa gunia, akalizungusha bua tena.

Ndama akapiga chafya.

Mwiti alifika ndama alipokuwa akijaribu kusimama kwa mara ya nne. Alikuwa amepanda mlima kwa miguu yake, ametota, viatu mkononi, na watoto wa njiani walikuwa wamemsindikiza kwa kumtazama tu, maana hawakuamini kwamba yule ni Daktari. Aliegemea nguzo ya zizi akihema. Alimwona mtamba akimlamba mwanawe. Alimwona Kathambi ameketi chini, mkono wake wa kulia umening'inia, umepauka kwa kubanwa.

Jedidah alifuta machozi kwa kanga. "Asante, Daktari," alisema. "Mungu akuzidishie."

Mwiti alifungua kinywa aitikie, kama alivyoitikia miaka ishirini na sita. Kisha akaona kwamba Jedidah hakuwa akimtazama yeye. Alisimama pale, maji yakimchuruzika kidevuni, na ikawa kama ndiyo siku ya kwanza anamwona mwanamke aliyeketi kwenye majani yale. Alikwenda kwenye ndoo, akachota maji ya moto, akapiga magoti. Akauosha mkono ule mwembamba kuanzia begani hadi vidoleni, mbele ya Jedidah, mbele ya majirani waliokuwa wamejaa uani, na hakuna aliyethubutu kukohoa.

"Mama Koome," alisema, "nilinena vibaya."

"Ulinena," Kathambi alijibu. Lakini mkono hakuuondoa.

Mwiti akatoa simu mfukoni, akaipangusa tope, akampigia Ndambiri.

"Mzee!" sauti ya fundi ilisikika. "Tunakata nini tena?"

"Hatukati," Mwiti alisema. "Beba mashine ya kuchomelea. Tunaunga."

Aliyekuwa na masikio zizini mle alisikia, akatikisa kichwa, akaondoka na neno moja: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.