Mwezi Ambao Kamera Hazikuuona

Wewe unayesoma hapo, umeshawahi kuambiwa na mwenye cheo kwamba ulichokiona kwa macho yako mawili hakikutokea? Kama bado, subiri zamu yako. Kama tayari, sogea karibu.

Hapo zamani, katika mji ambao maji ya bomba yalitoka kwa bahati na hotuba zilitoka kila siku, palikuwa na sultani jina lake Mwinyi Haziri. Sultani huyu alikuwa na askari wengi, na askari wake walikuwa na marungu, na marungu yale yalikuwa na mazoea. Basi watu wakanung'unika, na manung'uniko yakawafikia wageni wa ng'ambo ambao Sultani huwaomba misaada, nao wakamwandikia kwamba pasipo transparency hawaleti kitu. Sultani akauliza hiyo ni mnyama gani, akaambiwa ni kamera. Ikawa tenda imetangazwa asubuhi, shemeji yake Sultani akaishinda kabla ya adhuhuri, na kila askari akavishwa kamera kifuani, ndogo kama kiberiti, yenye kitufe cha kuwashia na kuzimia. Kitufe kikawekwa pale pale kidole cha askari kinapofika bila taabu. Nani aliamua kikae pale, hakuna aliyeuliza.

Siku ya uzinduzi Sultani akasimama barazani, akasema, "Raia zangu, ninyi mwasema askari ni waongo, na askari wasema waongo ni ninyi. Yamekwisha. Tangu leo, lililoonwa na kamera limetokea. Lisiloonwa na kamera halikutokea, na mwenye kudai kuliona ni mzushi." Wageni wakapiga makofi, wakala, wakaondoka.

Basi Ramadhani ikaingia. Alasiri moja, kijana mmoja msukuma mkokoteni, jina lake Vuai, alimwambia askari mlangoni mwa soko kwamba matikiti ya mkokoteni wake yanauzwa, hayagawiwi. Askari akapeleka kiganja kifuani, kamera ikalala. Ilipoamka, Vuai alikuwa chini, mkono wake umevunjika, na rungu la askari limepasuka. Akashitakiwa kwa kuharibu mali ya serikali, yaani rungu, kwa kutumia mkono. Hukumu ikawa machimbo ya mawe, miaka mitatu, kuanzia Idi ikipita.

Vuai huyu alikuwa na kaka yake tumbo moja, Tuwani, hohehahe mwenye shahada. Kila ofisi aliyokwenda kuomba kazi ilimwambia alete uzoefu, na alipouliza uzoefu unapatikana wapi akaambiwa kazini. Watu wakamwita Juha, kwa kuwa aliendelea kuuliza maswali baada ya kuonyeshwa mlango. Tuwani akaenda barazani, akapiga magoti.

"Bwana wetu, ndugu yangu amepigwa. Mzee Faki muuza kahawa aliona. Alikuwa pale pale, akiosha mabuli yake ya jioni."

Akida Mbaruku, mkuu wa askari, akacheka. "Na kamera ilionaje?"

"Ilizimwa, Akida. Kwa kiganja."

"Betri hiyo, bwana mdogo. Mambo ya kitaalamu hayo."

Sultani akasema, "Ewe Tuwani, amri yangu waijua. Hata hivyo nisionekane dhalimu. Niletee, kabla ya mzinga wa Idi, kamera inayoonyesha ndugu yako akipigwa, nami namwachia. Ukikosa, mnakwenda machimboni nyote: yeye kwa rungu, wewe kwa mdomo."

"Kamera iliyozimwa inionyeshe wakati ilipozimwa?"

"Si msomi wewe? Shahada ile uliisomea nini, mapambo ya ukutani?"

Baraza zima likacheka. Tuwani akasema "Ahsante bwana," akatoka, akaenda kukaa mlangoni mwa soko kila siku, akiwatazama askari na vidole vyao. Watu wakasema masikini, sasa kichwa kimemruka kweli.

Ikafika jioni ya mwezi ishirini na tisa. Watu wakapanda mapaani kuutafuta mwezi muandamo. Askari nao, kama ada yao kila mkesha wa Idi, walikuwa sokoni wakijipatia kuku, kanzu za watoto na samli ya sikukuu. Baada ya magharibi, Kadhi akaingia uani kwa Sultani akiwa na Mzee Faki.

"Bwana wetu," akasema Kadhi, "mwezi umeandama. Mzee Faki ameuona, na ushahidi wake nimeupokea kama tuupokeavyo miaka yote."

Uani mle majungu ya biriani yalikuwa motoni, na harufu yake ilikuwa imekwisha kumlainisha Sultani. Akanyoosha mkono kuamuru mzinga upigwe. Mara sauti ikatoka langoni.

"Mkamateni mzushi huyo."

Alikuwa Tuwani. Akaja mpaka mbele, akamwonyesha Mzee Faki kidole.

"We Tuwani," akasema Mzee Faki, "mimi nimekukosea nini, mwanangu?"

"Niwie radhi, mzee wangu. Natii sheria. Lisiloonwa na kamera halikutokea. Bwana wetu, kamera ipi imeuona mwezi?"

Sultani akakunja uso. "Akida, waite askari wako. Wana kamera mji mzima, moja haikosi kuuona. Tumalize upuuzi huu tukale."

Wakaitwa, wakaja wakipumua, mmoja bado ana manyoya ya kuku mabegani. Kamera zikafunguliwa moja moja, picha zake zikaangazwa ukutani, na Sultani akatazama. Ya kwanza ikaonyesha soko, kisha kiganja, kisha giza. Ya pili ikaonyesha soko, kiganja, giza. Ya tatu vivyo hivyo, na ya nne, na zote, na hakuna iliyoamka mpaka askari walipofika langoni mwa Sultani.

"Betri, bwana," akasema Akida, jasho likimtoka. "Sistimu nzima ilikuwa chini."

"Betri zina vidole vitano," akasema Tuwani. "Haidhuru. Kwa amri ya bwana wetu, mwezi haukuandama. Kesho twafunga, naye bwana wetu atafunga mbele yetu awe mfano. Na kesho jioni askari wakirudi sokoni, kesho kutwa twafunga tena, hata thelathini zikitimia, maana amri yasema kamera. Tutafunga mpaka Akida apate betri."

Mpishi wa Sultani akafunika jungu taratibu.

"Upumbavu," akasema Sultani. "Namjua Faki tangu enzi za baba yangu. Macho yake hayajapata kutudanganya. Akisema kauona, kauona."

"Kauona wapi, bwana?"

"Mbinguni, wapi tena."

"Mwembamba kama ukucha, katika wingu, wakati watu wengine wote wanapepesa macho. Na bwana wetu amesadiki. Sasa rungu la askari ni nene kama paja la mbuzi, na Mzee Faki alikuwa hatua mbili kutoka lilipoanguka. Hilo hakuliona?"

Sultani akageuka. Akamtazama Kadhi.

"Shahidi hakatwi vipande, bwana wetu," akasema Kadhi. "Ama macho yake ni mazima, kijana atoke na sisi tule Idi. Ama ni mabovu, kijana abaki na sisi tufunge. Na kufunga siku ya Idi ni haramu, kama unavyojua."

Basi Sultani akautazama ukuta ule wenye giza, akatazama majungu, kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyebanwa mlangoni na mlango wake mwenyewe. Akaamuru Vuai aletwe. Akaletwa, mkono umefungwa kwa kitambaa cha magunia, amekonda. Tuwani akamshika bega lile zima.

"Ewe Tuwani," akasema Sultani, "umenishinda. Nakufanya msimamizi wa kamera zote. Kazi hiyo, na cheo, na nyumba. Wasemaje?"

Watu waliokwisha kujaa uani wakangoja ashukuru, maana njaa ya Tuwani ilijulikana na mji mzima.

"Kazi naitaka, bwana wangu, siongopi. Naitaka kuliko unavyodhani. Lakini kitufe kikibaki kifuani mwa askari, nitakuwa msimamizi wa giza, na mwakani watu wataambiwa walete tena ushahidi wa kamera iliyozimwa. Basi kabla mpiga mzinga hajawasha utambi, nataka haya, na nayataka kwako na kwa Akida huyu hapa. Kitufe kiondolewe kwa askari. Kila aliyepigwa aonyeshwe picha zake bila kuomba kwa magoti. Kamera ikizimika, anayeulizwa awe aliyeivaa, si aliyevunjwa mkono. Na mnitajie majina, mbele ya watu hawa wote: nani alimzimia ndugu yangu kamera, nani alimfundisha kuzima, na nani alijua akakaa kimya. Biriani litasubiri. Semeni."